The Searchers imerudi kwenye diski ya 4K: itazamwe hivi hivi, au Wakomanchi nao wasikike?

Mtoa mada

Wakuu, heshima kwenu. Naleta hoja iliyonikaa kifuani tangu niitazame upya The Searchers, na naomba tuichambue kwa hoja, tuache ushabiki pembeni.

Mwishoni mwa 2024 studio ya Warner waliitoa picha hii kwenye diski ya 4K, baada ya kuikarabati kwa kushirikiana na Film Foundation, taasisi ya kuhifadhi filamu za zamani. Ni picha ya kauboi ya John Ford ya mwaka 1956, stelingi ni John Wayne. Kwa ambaye hajaiona: tuko Texas, mwaka 1868. Ethan Edwards, aliyepigania upande wa Kusini kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani na mpaka leo hajakubali kwamba walishindwa, anafika nyumbani kwa ndugu yake. Muda si muda Wakomanchi, kabila mojawapo la wenyeji wa Marekani, wanaivamia nyumba ile, wanaua na kuondoka na mabinti wawili. Mkubwa anakutwa ameshauawa. Mdogo, Debbie, anatafutwa kwa miaka na Ethan pamoja na Martin Pawley, kijana aliyelelewa na familia hiyo, mwenye damu kidogo ya Kicherokee. Polepole unang'amua jambo baya: Ethan hamtafuti mtoto ili amrudishe. Anamtafuta ili amuue, kwa kuwa ameshakuwa mke wa Komanchi.

Wahakiki wameiweka juu kabisa kwa miongo mingi. Mwaka 2008 AFI, taasisi ya filamu ya Marekani, iliitaja kuwa ya kwanza kati ya picha zote za kauboi. Kwenye kura ya jarida la Sight and Sound ya 2012 ilikuwa ya 7 kati ya filamu zote duniani, na ya 2022 ikashuka hadi ya 15. Utetezi wao ni kwamba picha hii inauanika ubaguzi, haiuhubiri. Wapinzani wao wanasema ni ubaguzi uliopigwa picha vizuri, basi. Mimi naona kila upande umeshika nusu.

Utetezi una nguvu, tusiudharau. Tazama pale kwenye ngome ya jeshi, Ethan anapoonyeshwa wanawake wa Kizungu waliochukuliwa kutoka kwa Wakomanchi. Wamechanganyikiwa akili. Askari anasema ni vigumu kuamini kwamba hawa ni Wazungu. Ethan anajibu kuwa si Wazungu tena, ni Wakomanchi. Anageuka, na kamera, ambayo Ford hakuwa mtu wa kuisogeza ovyo, inamkaribia hadi uso unajaa kwenye skrini, kivuli cha kofia kimeufunika juu. Ni chuki tupu, na huna pa kukimbilia, lazima uitazame. Au pale anapoyapiga risasi macho ya maiti ya Komanchi, kwa kuwa anajua imani yao: asiye na macho haingii kwenye nchi ya roho, atatangatanga milele akipeperushwa na upepo. Anaifahamu dini yao kuliko wenzake wote, na elimu hiyo anaitumia kuwatesa hata wafu. Aliyepiga matukio hayo alijua anachokifanya.

Kisha anakuja Look, na wengi humruka.

Katika kubadilishana bidhaa na Wakomanchi, Martin anajikuta amepewa mke bila kujua. Mwanamke huyo mnene, mpole, anawafuata njiani bila ugomvi na mtu. Usiku anajilaza kando ya Martin. Martin anampiga teke, anabingirika mteremko wote hadi chini. Ethan anacheka, na tukio zima limepangwa ili na sisi tucheke. Baadaye wanamkuta amekufa ndani ya hema, kwenye kijiji kilichoshambuliwa na wapanda farasi wa jeshi. Martin anauliza kwa nini wamuue mtu ambaye hakumdhuru yeyote. Swali zito sana, lakini picha yenyewe ilikuwa imeshamgeuza kichekesho dakika chache nyuma, na haiombi radhi popote. Chuki ya Ethan inaiona barabara. Ya kwake yenyewe haioni.

Rai yangu: isikatwe hata sekunde moja. Ila diski za namna hii ziwe na sauti ya pili, ya hiari, Wakomanchi wenyewe wakiizungumzia picha tukio kwa tukio. Na wanaoifundisha kama filamu ya kupinga ubaguzi waache kumruka Look. Karibuni.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Mtoa mada, nakuheshimu ila hapa sikuungi mkono. Unaipima kazi ya 1956 kwa mizani ya leo. Kila kizazi kitakuja na mizani yake, tutaongeza sauti ngapi? Mimi uovu wa Ethan niliuona bila mwalimu pembeni, na teke la Look lilinikera bila kuambiwa linikere. Ukiniwekea mtu wa kunifafanulia, umeshaniona sina akili.

Halafu tuangalie mambo haya yanakoelekea. Juni 2020 HBO Max waliiondoa Gone with the Wind, picha ya zamani inayolaumiwa kwa kuupamba utumwa, kwenye huduma yao ya filamu mtandaoni. Ilirudi, sawa, lakini kumbe kuiondoa inawezekana, tena kwa siku moja tu na bila kumuuliza mtu. Leo ni maelezo, kesho ni mkasi.

Mtoa mada

Ndugu wa Dar, mfano wako unanisaidia mimi. Gone with the Wind ilirudi nzima, haikukatwa, ikiwa na utangulizi wa Jacqueline Stewart, msomi wa historia ya filamu. Anayetaka anasikiliza, asiyetaka anaruka. Na Warner hao hao kwenye baadhi ya diski za vikaragosi vyao vya zamani waliweka maandishi yanayokiri kwamba mna dhihaka za kibaguzi, ambazo zilikuwa makosa wakati ule na ni makosa sasa, na kwamba kuzificha ni sawa na kusema hazikuwahi kuwepo. Hapo mkasi hauingii. Mtu anayetaka kukata haandiki hivyo.

Kuhusu mizani ya leo: mwaka 1950, miaka 6 kabla ya The Searchers, Delmer Daves alitoa Broken Arrow na Anthony Mann akatoa Devil's Doorway. Zote mbili zinawatazama wenyeji wa Marekani kama watu wenye haki zao na malalamiko ya kweli. Hollywood ile ile, wakati ule ule. Zina kasoro zake, na kwa ufundi hazimfikii Ford, lakini zinatosha kuonyesha kwamba mizani ilikuwepo sokoni. Ford mwenyewe mwaka 1964 alitengeneza Cheyenne Autumn akiegemea upande wa Wacheyenne, kabila jingine la wenyeji, na hata hapo viongozi wao akawapa Ricardo Montalban na Gilbert Roland, wazaliwa wa Meksiko. Kwenye The Searchers, Scar, mkuu wa Wakomanchi, aliigizwa na Henry Brandon, mzaliwa wa Ujerumani. Wanavajo, ambao Monument Valley palipopigwa picha ile ni ardhi yao, wanasimama nyuma yake bila majina.

Mchangiaji, Minneapolis

Habari za huko nyumbani. Niongeze historia, maana hadithi hii haikutoka hewani. Alan Le May aliandika riwaya iliyozaa filamu hii mwaka 1954, na kisa kinachotajwa zaidi nyuma yake ni cha Cynthia Ann Parker. Alichukuliwa na Wakomanchi Texas mwaka 1836 akiwa na umri wa miaka kama 9.  Ndugu wa baba yake, James Parker, alizunguka miaka akimtafuta. Binti akakulia huko, akaolewa na Peta Nocona, akazaa. Mwaka 1860 askari wa Texas walishambulia kambi, wakamchukua pamoja na kitoto chake cha kike. Magazeti yakaandika kwamba ameokolewa.

Ameokolewa kutoka kwa nani? Alijaribu kutoroka zaidi ya mara moja arudi kwa watoto wake. Kitoto kile kikafa. Wanawe wa kiume hakuwaona tena. Alikufa mwanzoni mwa miaka ya 1870 akiwa na majonzi, na mmoja wa wanawe, Quanah Parker, ndiye aliyekuja kuwa kiongozi mashuhuri wa Wakomanchi.

Sasa rudi kwenye filamu. Debbie, aliyeigizwa na Natalie Wood, anamwambia Martin waziwazi kwamba hawa ndio watu wangu, nenda zako. Dakika za mwisho Ethan anamnyanyua juu, anaghairi kumuua, anambeba, wanarudi. Sote tunalia. Hakuna anayemuuliza Debbie chochote. Anaingizwa ndani ya nyumba ya watu ambao si wazazi wake, mlango unafungwa Ethan akiwa nje, na kwa miaka yote hii tumezoea kumsikitikia Ethan.

Na kile kijiji anachofia Look: wapanda farasi wanapopita, muziki ni Garryowen, wimbo wa kikosi cha 7 cha wapanda farasi cha Custer, afisa wa jeshi la Marekani. Anayejua historia anakumbuka Novemba 1868, Custer alipoivamia kambi ya Wacheyenne ya chifu Black Kettle alfajiri kando ya mto Washita. Ford aliweka kidokezo. Namheshimu kwa hilo.

Mchangiaji, Arusha

John Wayne si mgeni kwetu. Aliishi na kufanya kazi hapa, Momella, chini ya mlima Meru, wakati mwongozaji Howard Hawks anapiga filamu ya Hatari! kabla ya uhuru wa Tanganyika, ilitoka 1962. Mpaka leo kuna hoteli kule yenye jina la picha ile, na watu wa hapa wanajivunia. Lakini tazameni Waafrika kwenye Hatari!: wanapanda magari, wanashika kamba, wanashika vifaru, na ni wachache sana wanaopewa neno la maana. Kwa hiyo mtoa mada anaposema kuhusu Wanavajo kusimama nyuma bila majina, mtu wa Arusha hahitaji kufafanuliwa.

Mwaka 1971 Wayne aliliambia jarida la Playboy kwamba anaamini katika ukuu wa weupe mpaka weusi waelimike kiasi cha kupewa majukumu. Hilo halifuti uigizaji wake. Naamini ndiyo maana Ethan anatisha kiasi kile. Lakini msituambie kwamba uso ule wote ni sanaa.

Mchangiaji, Mombasa

Ndugu zanguni, mie nawashangaa mnaodhani sauti juu ya picha ni jambo geni. Sisi tumekulia kwenye vibanda vya video. DJ Afro anaizungumza picha nzima kwa Kiswahili, anawapa watu majina, anamsuta adui, anamsuta hata stelingi akifanya upuuzi. Kwa upande wa Tanzania mlikuwa na Lufufu. Hakuna aliyetoka pale akasema picha imeharibiwa. Anayeitaka tupu aliitafuta tupu.

Na Wakomanchi wameshaonyesha kwamba wanaweza. Filamu ya Prey ya mwaka 2022, ambayo mtayarishaji wake mmoja, Jhane Myers, ni Mkomanchi, ilitoka ikiwa na sauti kamili ya Kikomanchi ya kuchagua. Unabonyeza, picha nzima unaisikia kwa lugha yao. Basi kinachozuia The Searchers ni nini? Diski ina nafasi ya sauti kadhaa. Studio ina fedha. Watu wenyewe wapo, taifa lao lina makao yake karibu na Lawton, Oklahoma, si watu wa kwenye vitabu. Kinachokosekana ni mtu wa kuwapigia simu.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Hoja ya Mombasa naikubali, mradi ile sauti ya kwanza isiguswe na mtu asilazimishwe. Hili la Prey nalo ni zito. Lakini bado nasema ni filamu ya kupinga ubaguzi. Mtu mbaguzi hawezi kumpiga Ethan picha vile.

Mtoa mada

Basi la sauti tumeelewana. La pili hatujaelewana, na sitaki tujifanye tumeelewana. Ford aliweza kumpiga Ethan vile kwa sababu Ethan alikuwa mtu wake. Alimjua ndani nje. Look hakumjua, na hakutaka kumjua. Kama kuna Mkomanchi ataketi kuizungumzia picha hii, ningependa aanzie pale kwenye mteremko, atuambie yule mama angeitwa nani kwao na angekuwa amemwambia nini Martin usiku ule. Ndugu wa Minneapolis, wewe uko karibu nao kuliko sisi. Kama una kitabu au kipindi ambamo wao wenyewe wameizungumzia The Searchers, kilete hapa tukisome kabla hatujaendelea.