Wakili wa Upper Hill, wa Ngara au wa Guangzhou? Nisaidieni kulinganisha

Gasket_Grogan
Wadau, salamu. Nauza spea za magari Kirinyaga Road, Nairobi. Mwezi wa 3 niliteremsha kontena la futi 20 kutoka Guangzhou: pedi za breki, klachi na beringi. Nililipa asilimia 30 mapema, 70 nilipotumiwa nakala ya hati ya shehena. Kufungua, zaidi ya nusu ya pedi si zile za sampuli. Ukigonga na spana zinameguka kama biskuti. Nimepiga hesabu ya hasara, dola 46,000. Muuzaji aliniambia "tutarekebisha kwa oda ijayo", kisha akaninyamazia.

Nimezunguka wiki mbili na hivi ndivyo nilivyoambiwa. Kampuni kubwa ya mawakili Upper Hill wanataka shilingi 600,000 kabla ya kuandika hata barua, halafu dola 250 kwa saa. Wakili mmoja wa Ngara, ofisi ghorofa ya tatu bila lifti, anadai 150,000: barua ya madai hadi kufungua kesi mahakama ya Milimani. Rafiki akaniunganisha na wakili wa kule kule Guangzhou, dola 5,000 kwa kazi yote, ada za kituo cha usuluhishi mbali. Wa nne amenifurahisha zaidi: nisilipe kitu, tukishinda achukue asilimia 30.

Moyo wangu uko kwa huyo wa nne. Mnasemaje?

Mama_Kontena
Pole kaka. Kabla hujamchagua wakili, mkataba wenu unasema mkikosana mnaenda wapi? Kifungu hicho huwa mwisho kabisa, baada ya habari za vita na mafuriko.

Gasket_Grogan
Mkataba hatukuwa nao, dada. Nina proforma tu, ile ankara ya awali, ya kurasa mbili.

Ngoja. Nyuma kuna maandishi madogo. Mzozo wowote utaamuliwa kwa usuluhishi na CIETAC, tume ya China ya usuluhishi wa biashara, kikao Guangzhou, sheria ya China. Muhuri wangu uko hapo chini. Sikumbuki kuusoma ukurasa huo.

Wakili_Jioni
Mimi ni wakili lakini sitafuti kazi hapa, na huu si ushauri rasmi. Kifungu hicho kimeshakuchujia nusu ya orodha yako.

Tuanze na Milimani. Ukimshtaki hapo, jambo la kwanza atakalofanya ni kuomba kesi isimamishwe chini ya kifungu cha 6 cha Sheria ya Usuluhishi ya 1995, na mahakama itawapeleka mlikokubaliana. Tuseme asitokee kabisa, upate hukumu bila upinzani. Hukumu hiyo utaipeleka wapi? Sheria yetu ya kutambuana hukumu na nchi za nje ina orodha fupi: Uingereza, Uganda, Tanzania, Rwanda, Zambia na nyingine chache. China haimo. Utaiwekea fremu uitundike dukani.

Tuzo ya msuluhishi, yaani uamuzi wake, ni habari nyingine. China iliingia kwenye Mkataba wa New York wa 1958, wa nchi kutambuana tuzo hizo, mwaka 1987, Kenya mwaka 1989. Kwa hiyo tuzo ya Nairobi inaweza kutekelezwa kule, na ya kule hapa. Wewe ya kwako itatolewa kule kule, alipo mdaiwa na mali yake, hata safari ya kuvuka mpaka huihitaji.

Madai yako ni madogo kwa vipimo vya CIETAC. Yasiyozidi yuan milioni 5 huenda kwa utaratibu mfupi: msuluhishi mmoja, na anaweza kuamua kwa kusoma nyaraka bila kikao. Tatizo ni lugha. Kama hamkukubaliana lugha, kanuni zao zinaanzia Kichina. Soma tena hayo maandishi madogo.

Kuhusu wa nne: kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kinabatilisha makubaliano ya kulipwa ukishinda tu. Anayekuuzia kitu ambacho sheria ya kazi yake mwenyewe imekikataa, jiulize atakuuzia nini kingine. Ingia kwenye tovuti ya LSK, chama cha mawakili wa Kenya, uandike jina lake uone kama ana cheti cha mwaka huu.

Tukutendereza_23
Hizo pedi tafadhali zisionekane Gikomba. Matatu hizo napanda mimi.

Gasket_Grogan
@Tukutendereza_23 zimefungiwa stoo, ndugu. Hata fundi wangu nimemkatalia.

@Wakili_Jioni asante sana, nimesoma mara tatu. Hakuna mahali pametajwa lugha. Sasa niende Guangzhou moja kwa moja?

Parachichi_Limuru
Naomba niongeze kutoka upande wa kuuza parachichi nje, maana nimewahi kulipa kampuni kubwa na nikajuta, nikalipa ndogo na nikajuta pia.

Mwaka huo mnunuzi wetu wa Ulaya alikataa shehena mbili akisema zimeiva njiani. Tukaenda kwa kampuni yenye marumaru hadi chooni. Siku ya kwanza tulikaa na bwana mkubwa mwenye mvi, akatupa kahawa, akaeleza mambo vizuri kweli. Hatukumuona tena. Barua zote ziliandikwa na kijana aliyekuwa bado anajifunza tofauti ya FOB na CIF (nani analipa usafiri na bima), na saa zake za kujifunza tukalipia sisi. Kwa hiyo swali la kuuliza Upper Hill si bei ya saa. Uliza: nani hasa ataandika, na saa yake ni ngapi? Uandikiwe kwenye barua ya makubaliano.

Yule mdogo tuliyemchukua baadaye alikuwa mkali mahakamani lakini mbele ya msuluhishi aliendelea kupiga kelele kama yuko kortini. Msuluhishi akamwambia mara mbili apunguze.

Kilichotuokoa ni mkataba mpya. Siku hizi tunaandika NCIA, kile kituo cha usuluhishi wa kimataifa cha hapa Nairobi kilichoundwa kwa sheria ya 2013, lugha Kiingereza, msuluhishi mmoja. Na kabla ya msuluhishi, siku 30 za upatanishi. Mzozo wa mwisho uliishia kwenye hizo siku 30, vikao viwili kwa video, mpatanishi tukamlipa nusu kwa nusu na mnunuzi. Bado tunauziana.

Mzee_wa_Bandari
Watu wanachanganya hapa. Upatanishi: mtu anawakalisha, mnakubaliana wenyewe, mkishindwa mnatoka mlivyoingia. Usuluhishi: mtu anaamua na uamuzi unawafunga, na kuubatilisha ni kazi, una miezi 3 tu chini ya kifungu cha 35 na sababu zake ni chache. Muuzaji akikwambia "tusuluhishe" kwa simu, usidhani ndiyo hiyo iliyoandikwa kwenye karatasi. Sivyo.

Binti_Luthuli
Samahani kuingilia. Mimi shida yangu si muuzaji, ni KRA, mamlaka ya mapato. Wameniwekea bidhaa kwenye kundi la ushuru wa juu kuliko nililotangaza. Wakili wa biashara ya kimataifa ndiye yeye?

Mzee_wa_Bandari
@Binti_Luthuli hapana, huyo wako ni wa forodha, na saa yako inakimbia. Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, kifungu cha 229: una siku 30 kumwandikia Kamishna upinge. Naye ana siku 30 kukujibu. Akinyamaza, ombi lako linahesabiwa limekubaliwa. Akikukatalia, una siku 45 kwenda kwenye baraza la rufaa za kodi. Usizimalize siku hizo ukizungushwa na wakala wa forodha kwa ahadi za "naongea na mtu". KRA wenyewe wana dawati la kumaliza mizozo nje ya baraza, lakini hilo halikuondolei wajibu wa kuandika pingamizi kwa wakati. Fungua mada yako, hapa tutamvuruga huyu wa pedi.

Wakili_Jioni
@Gasket_Grogan usiende peke yako moja kwa moja. Wa Guangzhou unamhitaji kwa sababu mbili: Kichina, na sheria ya China ndiyo itakayotumika. Kwa mauzo ya kimataifa kule mdai ana miaka 4, kwa hiyo muda haujakuishia. Lakini taarifa ya kasoro ilitakiwa itolewe mapema. Je, ulimwandikia, au ulipiga simu tu?

Hapa Nairobi bado unahitaji mtu wa kupanga ushahidi, na kazi hiyo haihitaji Upper Hill. Mwulize yule wa Ngara kama amewahi kushika mzozo mbele ya msuluhishi. Herufi za CIArb, ile taasisi ya wasuluhishi, baada ya jina zinaonyesha amesomea usuluhishi, si kwamba anajua kontena. Umwulize na hilo. Halafu mkubaliane bei ya kazi hiyo tu, pamoja na VAT ya asilimia 16 ambayo watu husahau.

Na cheti cha ukaguzi kilichokuja na mzigo, kile cha KEBS, shirika la viwango, cha kabla ya kusafirishwa, kitafute. Muuzaji atakitumia dhidi yako: "mzigo ulikaguliwa ukapita". Mpate mkaguzi huru apime pedi kabla hujazigusa tena.

Mama_Kontena
Na hesabu, kaka. Dola 5,000 za wakili, ada ya kituo ambayo mdai ndiye hulipa kwanza, mkaguzi, wa Ngara. Ikifika dola 12,000 kufuata 46,000 bado ina maana. Ungekuwa umepoteza 8,000, ningekwambia mwombe upatanishi umalizane naye hata kwa nusu.

Gasket_Grogan
Narudi baada ya wiki. Wa Ngara kumbe ni mwanachama wa CIArb na amewahi kushughulikia mbegu zilizotoka India. Amekubali 90,000 na VAT, kupanga nyaraka na kufanya kazi na wa Guangzhou. Upper Hill nimewashukuru. Wa nne hapokei simu tangu nimwulize namba yake ya LSK.

Nilimwandikia muuzaji kwa WhatsApp siku ya tatu baada ya kufungua, na picha 14. Wa Guangzhou amesema hizo picha ni dhahabu. Cheti cha ukaguzi kimetaja beringi na klachi, pedi zimeandikwa "sampuli imekubaliwa".

Mama_Kontena
Sampuli yenyewe unayo?

Gasket_Grogan
Iko kwa Probox yangu. Nimeendesha nayo miezi minane, haina shida.

Wakili_Jioni
Paki hilo gari sasa hivi. Fundi akiitoa, mtu awe anachukua video tangu tairi linafunguliwa.