Bustani ya kumukumbuka mwalimu wetu, lakini kiwanja yote ni mawe ya volkano

mama_ndosho
Jambo bandugu. Niko mu komite ya bazazi ku masomo moja ya primeri hapa Goma, upande ya Ndosho. Mwaka uliopita tulipoteza mwalimu wa mwaka ya ine, ugonjwa ulimukamata wiki mbili tu, akaenda. Huyu mwalimu alikuwa anatoa batoto inje, anabakalisha chini ya ule muti moja tuko nao, anabafundisha kuhesabu na majani na tumawe, mutoto wangu alijua tabule ya saba pale pale kwenye muti. Sasa bazazi bamoja banataka tujenge kitu ya simenti na karo (vigae), jina yake juu. Tulipouliza batoto bo benyewe, balisema bustani. Kwa roho yangu niko upande ya batoto.

Lakini kiwanja yetu, mbona munajua Goma, ukipiga jembe inatoa moto, ni lava tupu. Maji tunanunua kwa bido ya litre 20. Makuta (pesa) iko kidogo. Na direkteri aliuliza swali moja nilikosa jibu: mwezi ya saba na ya nane, batoto bakiwa vakanse na mvua haiko, nani atamwagilia? Naomba mutusaidie, tuanzie wapi?

shamba_kibumba
Pole sana mama, na pole kwa batoto.

Ya kwanza, musivunje mawe. Musilipe batu ba baramini (chuma ya kutoboa mawe), mutamaliza makuta yote kwa kutoboa shimo tatu. Hapa kwetu tunajenga kwenda juu. Chukueni yale mawe munayo, panga ukuta kidogo wa sentimeta 40 ao 50, bila simenti, chini weka kokoto, juu yake majani makavu ya ndizi na maganda ya jikoni, halafu udongo uliochanganywa na mboleo ya ng'ombe. Mboleo ikae kwanza miezi mbili mpaka isinuke tena, ile mbichi inachoma mizizi na watu banasema mbegu ilikuwa mbaya kumbe hapana.

Udongo musinunue kamiyo nzima kwa mara moja. Anzeni na gunia. Simamisha gunia, katikati weka mukebe uliotobolewa juu na chini, jaza mawe madogo ndani ya mukebe, udongo pembeni, vuta mukebe juu kidogo kidogo mpaka gunia ijae. Itabaki nguzo ya mawe katikati na maji itashuka kupitia pale mpaka chini, isibaki juu tu. Pembeni toboa matundu, panda lenga-lenga (muchicha), bitunguu ya majani, seleri. Lenga-lenga kwa wiki tatu ine batoto banavuna, na mutoto akivuna mara moja hutamufukuza tena pale. Shu (kabichi) muache kwanza, inakula mboleo mingi.

ziwa_na_mlima
Nitasema mambo mbili, na ya kwanza tafazali musiipite haraka.

MAZUKU. Upande huo wenu kuelekea Bulengo na Sake iko fasi zenye mazuku, ni gazi ya kaboni inatoka chini ya ardhi, haina rangi, haina harufu, ni nzito kuliko hewa kwa hiyo inalala fasi ya chini. Asubuhi mapema kabla upepo haujaamka ndiyo mbaya zaidi. Mutoto akiinama ku shimo anaipumua mbele ya mukubwa kuipumua. Kwa hiyo bustani iwe fasi ya juu, isiwe kwenye bonde, na shimo la komposti musichimbe, pangeni komposti juu ya ardhi ndani ya mbao. Ukikuta ndege ao panya amekufa fasi moja bila sababu, toa batoto pale na mwite batu ba OVG, bale ba volkano, ndiyo kazi yabo kupima.

Ya pili ni maji. Muko na mabati, basi muko na maji. Milimeta moja ya mvua juu ya meta mraba moja ni litre moja. Paa ya darasa ya meta 20 kwa 6 ni 120, mvua ya milimeta 10 inatoa litre 1200, toa ile inapotea, hesabu 1000, ni bido 50 bila kulipa hata franga. Gutiere moja ya kukinga maji ya paa na siterne moja ya kuiweka, makuta ya ile simenti na karo ingeanzia hapo. Mvua ya kwanza iacheni iende ju inaosha vumbi ya paa, na siku ile volkano yetu Nyiragongo inatoa moshi mingi mvua inakuwa na asidi, inachoma majani ya maharagi mukiangalia. Maji ya ziwa nayo iko na chumvi chumvi, musiizoeshe gunia kila siku.

mwalimu_kadutu
Mimi niko Bukavu, sisi udongo tunao ila mteremko unaushusha wote mpaka barabarani, hiyo ni habari nyingine.

Nataka kumjibu direkteri wako, kwa sababu bustani yetu ilikufa. Tulipanda kwa kumkumbuka mwanafunzi mmoja, siku ya kwanza wazazi walilia, tukaimba, mwezi wa tisa tukarudi tukakuta vijiti vikavu. Dada yake mdogo alikuwa darasani kwangu. Alisimama pale asiseme kitu, na mimi sikuwa na neno la kumwambia. Mama, sitaki mpate siku kama hiyo.

Sasa tunafanya hivi: mboga zote za muda mfupi zinavunwa kabla ya mwisho wa mwezi wa sita, hatuachi kitu kinachohitaji maji kila siku. Udongo unafunikwa na majani makavu, vidole vinne. Kinachobaki ni miti na marakuja, na familia tatu zinazoishi karibu zinapeana zamu wiki kwa wiki, anayemwagilia ndiye anayekula kinachoiva. Tuliandika kwenye karatasi, wakasaini. Bila hiyo karatasi kila mtu anafikiri mwenzake amepita.

Na kuhusu kufundisha nje, darasa zimejaa tangu masomo ya primeri yawe bure 2019, mwalimu mmoja hawezi kuwaachia wote kwenye gunia mbili. Gawa vikundi, kila kundi na gunia yake na daftari yake. Chupa ya plastiki iliyokatwa juu, na rula, hiyo inapima mvua, na mwaka wa tano watachora grafu yake. Wapime mche kila ijumaa. Hiyo ni hesabu, ni sayansi, ni Kifaransa wakiandika.

Jambo la mwisho. Huyo mwalimu alifundishia chini ya mti, si ndiyo? Basi pangeni mawe ya kukalia pale pale, nusu duara, watoto waendelee kukaa alipowakalisha. Jina liandikwe kwenye jiwe moja la kawaida, wale wanaotaka simenti wapate simenti ya hilo jiwe tu.

mama_ndosho
Aksanti sana bandugu, nimesoma yote mara mbili na nimeyasomea komite jana mangaribi. Hii ya mazuku tulikuwa tunaenda kukosea, fasi tulichagua ilikuwa kule chini nyuma ya vyoo, tumehamisha. Bazazi ba simenti bamekubali gutiere, moja alisema atatoa mabati ya kufunika siterne. Mawe ya kukalia, batoto ba mwaka ya tano, bale alifundisha mwaka uliopita, ndio baliomba bayapange bo benyewe.

Nilienda pia kwa muke wa marehemu mwalimu kumulomba ruhusa. Alinyamaza kwanza, halafu akaingia ndani akatoka na chupa ya maharagi ya mbegu, bwana yake alikuwa anaiweka kila mwaka, akasema hizi zipandwe kwanza. @shamba_kibumba, maharagi inafaa mu gunia ao niijengee ule ukuta wa mawe? Tuko na mbegu kama glasi mbili tu, sitaki kuipoteza.

shamba_kibumba
Ukuta wa mawe, mama. Na usipande yote, glasi moja panda, ingine irudishe kwa chupa. Ngojea mvua ya mwezi ya tisa ikamate vizuri. Udongo gunia tano nitakuletea mimi, sitaki makuta.