Mnemba, Mafia au Kisite: mzamiaji mpya aanzie wapi Desemba?

Mwalimu_Raskazone
Wakuu, habari za wikendi. Nina cheti cha Open Water, kile cha mzamiaji anayeanza, nilikichukua Unguja mwaka huu, na tangu hapo sijashuka tena. Shule zikifunga Desemba nataka siku chache za kuzamia kwa mtungi kwenye miamba ya kina kifupi, mita 5 hadi 15 hivi, nitazame matumbawe kwa utulivu. Sitafuti kina wala papa. Niko Tanga, kwa hiyo nina njia tatu: kisiwa cha Mnemba huko Unguja, Mafia, au nivuke Horohoro niende Kisite upande wa Kenya. Bei nitaulizia mwenyewe. Ninachotaka kwenu ni hali ya majini.

BintiMatemwe
Karibu sana mwalimu. Nafanya kazi kwenye boti za kuzamia huku kwetu, kwa hiyo naisemea Mnemba. Watu huitaja kama ni mahali pamoja, kumbe kisiwa kile kimezungukwa na sehemu zisizofanana hata kidogo. Sehemu iitwayo Kichwani ni mteremko mkali na mkondo wake hubeba mtu. Hapo si pa kuanzia. Sehemu ya Wattabomi, mwamba unashuka taratibu, kuna mchanga, kuna kasa waliojilaza, na maji mara nyingi yametulia. Kwa hiyo ukifika kituoni usiulize kama wanaenda Mnemba. Uliza wanashuka sehemu gani, na kiongozi mmoja anachukua watu wangapi.

Shida yetu ni msongamano, na nasema kwa uchungu kwa sababu ni kwetu. Jua likishapanda, boti za wageni wa mrija na miwani zinajazana, unasikia injini juu ya kichwa muda wote ulio chini. Matumbawe ya juu kabisa, yale ambayo mtu akichoka kuogelea hukanyaga kwa mapezi, yamevunjikavunjika. Eneo ni la hifadhi tangu 2002, lakini miguu ya watu haisomi tangazo. Ukija, toka na boti ya alfajiri.

Shimoni_Kwetu
Mwalimu, salamu kutoka Kwale. Kisite ndiyo iliyo karibu nawe: ukishapita Lunga Lunga unafuata barabara ya Mombasa, unakata kulia kuteremka Shimoni, kisha boti. Ni hifadhi tangu miaka ya 1970 na ndani yake hakuvuliwi kabisa. Mpunguti, hapo jirani, wavuvi wa asili wanaruhusiwa. Chewa na changu wa Kisite ni wakubwa na hawakukimbii, wanakutazama tu.

Kwa kina unachokitaka ndipo penyewe, maana mwamba karibu wote uko juu. Ila boti nyingi hubeba wazamiaji pamoja na watu wa mrija na wa pomboo, halafu mnateremka Wasini kula kaa. Ratiba ni ya kundi zima, si yako. Kama unapenda kukaa majini na kurudi majini, hilo litakuudhi.

Mkunga_wa_Chole
Mimi nasema Mafia, tena bila kusitasita.

Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa 1995, ya kwanza Tanzania, na Ghuba ya Chole iko ndani yake. Ghuba hiyo imekingwa na visiwa, kwa hiyo hata kaskazi ikivuma Desemba, ndani panazamika. Kuna mwamba unaitwa Milimani, vilima vya matumbawe vinafuatana juu ya mchanga. Hapo unaweza kutulia mahali pamoja ukaangalia. Pono wakila utawasikia kabla hujawaona: wanakwangua mwamba kwa meno, krr, krr, kisha wanatoa wingu la mchanga mweupe nyuma. Chungulia chini ya meza ya matumbawe, samaki mkunga amefungua mdomo anapumua, na uduvi wanamsafisha meno.

Kitu kimoja lazima ukijue. Kila kitu Chole kinakwenda na maji. Yakijaa, maji safi ya bahari kuu yanaingia na unaona mbali. Yakipwa, yanatoka na tope la mikoko, na pale mlangoni, Kinasi, mkondo unavuta kwenda nje. Ndiyo maana viongozi wa huko hupanga saa ya kushuka kwa maji, leo asubuhi, kesho kutwa mchana. Anayekuambia kila siku saa tatu kamili, mwulize anafuata nini.

Mpemba_Halisi
Na Misali mnaisahau? Upande wa magharibi wa Pemba, juu kuna bustani za matumbawe za kina kifupi. Ila nakiri, ukisogea kidogo ukuta unaporomoka kuelekea mkondo wa Pemba, ambao katikati una kina cha mamia ya mita. Kwa mwalimu, aje akishazoea.

BintiMatemwe
Kweli kaka, Misali asubiri. Na mkuu wa Chole, hilo la maji kujaa na kupwa nakuunga mkono.

Risasi_Kiunoni
Nafundisha kuzamia, nitaongeza lisilotajwa. Wengi hudhani kina kifupi ni rahisi. Kwa hewa, ndiyo: mita 10 unatumia mara mbili ya unayotumia juu ya maji, mita 30 mara nne, kwa hiyo mtungi unadumu. Lakini kujisawazisha, usizame wala usipae, ni kugumu zaidi. Ukipanda kutoka mita 30 hadi 20, hewa iliyo kwenye jaketi la kuelea inatanuka kwa theluthi moja. Kutoka mita 10 hadi juu inatanuka mara mbili. Kosa dogo la pumzi linakupaisha, au unatoa hewa kwa hofu na kuangukia matumbawe.

Tena mtungi wa alumini ukikaribia kuisha unakuwa mwepesi na kutaka kuelea. Kwa hiyo risasi zako, yale madini mazito ya kiunoni yanayokuzamisha, zipimwe mtungi ukiwa na hewa kidogo, presha ya baa 50 hivi, pale mita 5, si mwanzoni ukiwa umejaa. Siku ya kwanza omba dive ya kujikumbusha juu ya mchanga mtupu. Kiongozi akikataa, badilisha kituo. Haya ni muhimu kuliko jina la kisiwa.

Shimoni_Kwetu
Naafiki. Na kwa hoja hiyo Mafia inaishinda Kisite yangu: mchanga upo, na siku ni ya kuzamia tu.

Mwalimu_Raskazone
Asanteni sana. Naelekea Mafia. Je, nipite Nyamisati kwa boti au nipande ndege Dar?

Mkunga_wa_Chole
Kwenda, chagua mwenyewe. Boti ya Nyamisati inakufikisha Kilindoni, kisha gari hadi Utende. Kurudi ukipanda ndege, acha saa 18 kamili tangu dive ya mwisho. Halafu tazama mwezi kabla hujalipia: ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanakimbia. Panga siku zako ziangukie maji mafu. Na kama utabakiwa na asubuhi moja, papa potwe huwa upande wa Kilindoni miezi hiyo, unaogelea nao kwa mrija bila mtungi.

Risasi_Kiunoni
Na usiwaguse.