Tupeane uzoefu: muziki ulijifunzia kanisani?

Wakuu, mwanamuziki wa huku kwetu ukimuuliza kaanzia wapi mara nyingi atakwambia kwaya. Mi nimekulia kwaya ya KKKT (Walutheri), tulikuwa tunakaririshwa do re mi za kwenye daftari kabla hata ya maneno, mwalimu anakupa sauti ya nne anakuacha hapohapo mpaka ikae. Leo napiga gitaa la besi bendi ya harusi na sijasoma muziki kwingine kokote. Tupieni zenu.

Mdau, Mbeya: Mi kinanda. Kwetu walokole hakuna makaratasi mkuu, mchungaji anaanzisha pambio kwa ki (key) aliyoamka nayo, we mfuate. Ndo maana maprodyuza wanatusaka, ukitubadilishia ki katikati ya wimbo hatubabaiki. Ila wazee waliposikia napiga bongo fleva studio wakanisimamisha kupiga ibadani, na kwaya hiyohiyo inapiga sebene la Kikongo, solo linalia utadhani uko Kinshasa!

Mdau, Nakuru: Hiyo vita ni ya kitambo. Mmarekani Ray Charles 1954 alichukua mdundo wa wimbo wa injili wa Southern Tones akaweka maneno ya mapenzi, ikawa I Got a Woman, na watu wa kanisa walikasirika. Mi nilijulia kupanga sauti CU (Christian Union) ya shule, tuliimba bila vyombo juu pesa haikuwa. Saa hii naimba bakapu, sauti za nyuma, za wasanii wa mapenzi, mathe akiskia kwa matatu anasema hiyo ni alto ya kanisa.

Mdau, Tanga: Mi Muislamu, nimekulia kaswida na taarabu. Ila 2020 Jerusalema ya Master KG na Nomcebo wa Afrika Kusini ikipigwa harusini, shangazi zangu na mabaibui yao mstari wa mbele, na wimbo wenyewe mtu anaomba apelekwe Yerusalemu.

Mdau, Songea: Msisifie tu. Bibi alikuwa anasema enzi zao ngoma misheni ilikuwa dhambi, na kwa Wakatoliki ngoma zimeingia misani sanasana baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, miaka ya 60. Nyimbo ngapi za kwetu zilishakufa hapo? Ila nakubali tuni ya Mungu Ibariki Afrika ni ya Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni Afrika Kusini, 1897.

Mdau, Tanga: Wa Mbeya, walikurudisha?

Mdau, Mbeya: Walirudi wenyewe, Pasaka ilikaribia na mpiga kinanda hawana.