Mbwa kamng'ata mama yangu barabarani, mwenye nyumba anasema kibao cha "Mbwa Mkali" kinamlinda. Sheria inasemaje?

BintiMakulu aliandika:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo. Naombeni ushauri wa kisheria, hasa kwa mnaozifahamu mahakama za hapa Dodoma.

Mama yangu anauza mboga za kukausha: mlenda, majani ya kunde, na karanga zikiwepo. Anatoka Makulu na beseni lake kichwani, anazunguka Kisasa hadi Ilazo. Wateja wake wengi ni watumishi waliohamia na serikali, nyumba za ukuta na geti. Jumanne ya wiki iliyopita asubuhi alikuwa anapita tu kwenye barabara ya vumbi. Hakubisha hodi, na kwenye nyumba ile hana hata mteja. Mlinzi akafungua geti ili gari la bosi wake litoke, mbwa wawili wakachomoka nyuma ya gari. Mmoja ni wale wakubwa wa kizungu wenye masikio yaliyosimama, na huyo ndiye aliyemrukia mama. Alimng'ata shavu la mguu wa kulia, akamwachia, kisha akamrudia mkononi alipojikinga na beseni. Mwenye gari akasimama, akamwita mbwa kwa jina, mbwa akarudi ndani saa hiyohiyo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Mbwa anayeitwa akatii si mbwa koko, ana mwenyewe.

Vijana waliokuwa wanachimba mtaro wa bomba pale jirani walimmwagia maji mama kwenye kidonda, dereva wa bodaboda akamkimbiza hospitali. Tukapewa kadi ya sindano za kichaa cha mbwa. Sindano ya kwanza tumeilipia 30,000, bado zinazofuata, bado kusafisha kidonda na bajaji ya kwenda na kurudi, maana hawezi kukanyaga. Mwenye mbwa alimtuma mlinzi alete 50,000.

Nilimfuata kwake jioni, kwa heshima kabisa. Akaniambia ukutani kuna kibao cha "Mbwa Mkali" chenye herufi nyekundu, kila mtu anakiona. Akasema aliyefungua geti ni mlinzi, kama nina madai nimdai mlinzi. Nilipomwomba kadi ya chanjo ya mbwa akasema iko kwa daktari, na kwamba mbwa mwenyewe atampeleka shambani kwake Kongwa ili yaishe.

Mama hajui kusoma, sasa hicho kibao alikuwa akifanye nini? Na hata angekuwa na digrii, barabara ni ya wote. Yeye anasema nimwachie Mungu, kwamba yule ni mtu mkubwa. Mimi siwezi kukubali. Mwanamke wa miaka 58 anayelisha wajukuu kwa miguu yake, mguu umeng'atwa na mbwa wa mtu, halafu tuambiwe elfu hamsini imetosha?

Je, kuna sheria inayombana mwenye mbwa? Naanzia polisi au mahakamani? Na ile 50,000 tuliyoipokea, ndiyo tumeshamaliza madai?

---

NesiWaZamu:

Pole sana dada, na mama mpe pole. Kabla ya mambo ya sheria, niseme la afya kwa sababu haliwezi kusubiri.

Tarehe zilizoandikwa kwenye kadi zifuatwe zote, hata kidonda kikikauka na mama akijisikia mzima. Ugonjwa huu unaweza kukaa mwilini wiki au miezi bila dalili yoyote, na dalili zikishaanza hakuna tiba ya kumrudisha mtu. Hao vijana wa mtaro wamefanya jambo kubwa. Kidonda kinatakiwa kioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni, kama dakika 15. Waulize pia hospitali kuhusu sindano ya pepopunda, na kwa kuwa meno yalizama, kama anahitaji ile kinga inayochomwa kuzunguka kidonda chenyewe.

Halafu huyo mbwa ASIENDE KONGWA. Mbwa aliyemng'ata mtu hufungiwa na kuangaliwa siku 10. Kama alikuwa na virusi kwenye mate siku ile, ndani ya muda huo ataugua au atakufa. Akihamishwa, mmepoteza nafasi ya kujua, na huko Kongwa kuna watoto wa watu pia. Nenda leo kwa afisa mifugo wa kata, mweleze. Na wakimuua kwa hasira, mtu akamtupa jalalani, napo hamtajua kitu.

---

MfugajiIlazo:

Poleni. Ila tuwe wakweli jamani, mimi nina mbwa watatu na sifugi kwa starehe. Niliibiwa mara mbili nyumba ikiwa bado haijapigwa hata plasta. Polisi hawawezi kulala kwenye geti langu. Mbwa wa ulinzi akiwa mpole hana kazi. Na watu wa mitaani wanawachokoza sana, wanarusha mawe, wanagonga mageti. Pengine alishtushwa na beseni. Kibao kimewekwa ili mtu achukue tahadhari, vinginevyo tukiweke cha nini?

---

BintiMakulu:

Kaka, sikukatazi kufuga. Ningekuwa na nyumba kule ambako bado hata taa za barabarani hakuna, huenda ningefuga pia. Lakini mama yangu hakuwa kwenye nyumba ya mtu. Beseni lilikuwa kichwani, halikumgusa mbwa wala geti. Ukifuga mbwa mkali kwa ajili ya mwizi, basi geti linapofunguliwa awe kwenye banda au kwenye mnyororo. Hayo ni makosa ya mama yangu kweli?

---

KaraniMstaafu:

Binti yangu, marahaba. Nimekaa masjala za mahakama miaka mingi, nyingi hapahapa kanda ya kati. Mimi si wakili, lakini mashauri ya namna hii nimeyapokea na kuyafungulia majalada. Nianze na kibao, kwa sababu naona ndicho kinachowachanganya wengi.

Kibao cha "Mbwa Mkali" kinamwonya anayetaka kuingia: ndani kuna hatari, usiingie bila kukaribishwa. Hakimpi mbwa ruhusa ya kutoka nje. Mwizi aliyeruka ukuta akang'atwa, au mtu aliyeingiza mkono getini kumchokoza mbwa, hapo kibao kinaweza kumsaidia mwenye nyumba kujitetea. Mpita njia aliye barabarani hahusiki nacho kabisa.

Tena kibao hicho kinaweza kumgeukia mwenyewe. Tanzania hatuna sheria moja ya Bunge inayoshughulikia fidia ya kung'atwa na mbwa. Tunatumia kanuni za sheria ya Uingereza zilizopokelewa nchini, zile zilizokuwepo hadi tarehe 22 Julai 1920. Uingereza wenyewe waliandika sheria mpya ya wanyama mwaka 1971, lakini hiyo haitubani sisi. Kwa kanuni tulizopokea, mwenye mbwa anawajibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwamba alijua mbwa wake ana tabia ya kudhuru watu. Akijua hivyo na bado akaendelea kumfuga, mbwa akidhuru mtu anawajibika hata kama alijitahidi kumzuia. Sasa mtu aliyepaka rangi nyekundu ukutani kwake kwamba mbwa ni mkali, atamwambia nini hakimu akiulizwa kama alikuwa anajua? Peke yake kibao huenda kisitoshe, wakili wake atasema ni cha kutishia wezi tu. Kwa hiyo ulizia mtaani. Kuna mwendesha bodaboda, muuza maji au mtoto wa shule aliyewahi kukimbizwa au kung'atwa na mbwa huyo? Mtu mmoja wa aina hiyo akikubali kutoa ushahidi, jambo limebadilika sana.

Njia ya pili ni uzembe. Hapo huhitaji kuthibitisha kwamba mbwa aliwahi kung'ata. Unaonyesha kwamba mtu mwenye busara angewafungia mbwa wake kabla geti halijafunguliwa kwenye barabara wanayopita watu, na huyu hakufanya hivyo. Kwa maelezo yako, hii naiona ndiyo nguzo yenu.

Kuhusu mlinzi: mlinzi alifungua geti kwa sababu bosi alikuwa anatoka. Alikuwa kazini, anafanya kazi aliyoajiriwa kuifanya. Kosa la mtumishi akiwa kazini hujibiwa na mwajiri. Msimtafute kijana wa watu anayelipwa mshahara wa kubahatisha, anayetakiwa kujibu ni mwenye mbwa, ambaye isitoshe alikuwepo palepale kwenye usukani.

Upande wa jinai upo pia. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 233 katika toleo la 2022 nililonalo, kinamgusa mtu ambaye kwa uzembe unaoweza kuleta madhara anaacha kuchukua tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama aliye mikononi mwake. Kwa hiyo polisi wakikwambia "hayo ni madai, nenda mahakamani", waombe kwa upole wafungue jalada kwa kifungu hicho. Je, mlichukua PF3, ile fomu ya polisi ambayo daktari huandika majeraha? Kama hospitali iliwahudumia bila hiyo kwa kuwa ilikuwa dharura, nendeni kituoni sasa, mchukue na daktari aijaze. Mtu akitiwa hatiani, mahakama inayo mamlaka ya kuamuru amlipe fidia aliyeumia katika shauri hilohilo.

Fidia kamili, hata hivyo, mara nyingi hupatikana kwenye shauri la madai. Hili halianzii mahakama ya mwanzo kama wengi wanavyodhani, linakwenda mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi. Muda wa kufungua ni miaka mitatu tangu siku ya tukio, ila usisubiri, mashahidi huhama. Hao vijana wa mtaro ni vibarua, mwezi ujao watakuwa Iyumbu au Singida. Chukua majina na namba zao leo.

Sasa sikiliza jambo ambalo limewaangusha watu wengi mbele ya macho yangu. Gharama mahususi, kama dawa, nauli na kipato kilichopotea, lazima uzitaje moja moja kwenye hati ya madai na uzithibitishe kwa ukamilifu. Mahakama ya Rufani ilishalisema hili wazi kwenye kesi ya Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, mwaka 1992. Nimeona mama aliyeungua vibaya akipata pungufu sana kwa sababu risiti alizitupa. Maumivu, kovu na usumbufu hayo ni fidia ya jumla, hakimu anapima mwenyewe. Lakini 30,000 ya sindano bila risiti ni maneno tu. Dereva wa bajaji mwambie akuandikie kwenye karatasi na aweke sahihi. Kwa biashara ya mama, kama hana daftari, tafuta wanaomuuzia mlenda kwa jumla na wateja wawili watatu wanaoweza kusema alikuwa anauza kiasi gani kwa siku.

Hiyo 50,000 haijamaliza lolote, maadamu mama hakuweka dole gumba kwenye karatasi ya kusema hana madai zaidi. Itapunguzwa tu kwenye jumla.

Na mwambie mama kwamba tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu. Atasimama na kusimulia kama alivyokusimulia wewe. Kama wakili hamumwezi, kuna msaada wa kisheria chini ya sheria ya 2017, muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata akuelekeze kwa wasaidizi wa kisheria.

---

MfugajiIlazo:

Mzee nimekusoma. Hilo la kibao sikuwa nalijua. Binti, huyo mbwa kama ana chanjo kweli kadi hukaa kwa mwenye mbwa, haikai kwa daktari. Ya wangu iko kwenye droo. Usikubali jibu hilo.

---

BintiMakulu:

Asanteni sana, Mungu awabariki. Narudisha mrejesho.

Afisa mifugo alikwenda na mwenyekiti wa mtaa. Mbwa bado yupo, amefungiwa bandani na wameandika tarehe. Kadi ya chanjo haijaonekana. PF3 tumepata na jalada limefunguliwa. Kuna mama mmoja muuza maziwa amesema mbwa huyo alishamrarua sketi mwaka jana na mwenye nyumba akamlipa sketi. Amekubali kusema popote.

Jana usiku mwenye mbwa kanipigia simu mwenyewe, sauti tofauti kabisa. Anataka kutoa 300,000 mbele ya mwenyekiti, na ameshaandaa karatasi. Mama anataka tuipokee. Mimi naona hatujui mguu utakuwaje. Nifanyeje, baba?

---

KaraniMstaafu:

Kumaliza nje ya mahakama si vibaya, mama ana haki ya kutaka amani na majirani zake. Ila karatasi asiandae yeye peke yake. Sentensi ya "sina madai yoyote tena" isiwepo hadi sindano ziishe na daktari aandike mguu umefikia wapi. Fedha zipokeeni leo kama sehemu ya gharama za matibabu, na iandikwe hivyo, pamoja na ahadi yake ya kulipa zitakazofuata kwa risiti, na tarehe ya kukutana tena kuzungumzia kipato na maumivu. Mama asomewe kwa sauti mbele ya mtu wake kabla ya kuweka dole gumba, na iandikwe kwamba alisomewa. Kila upande ubaki na nakala.

Na muuza maziwa aandike maelezo yake polisi wiki hii, hata kama mnaelewana. Rasimu ya hiyo karatasi ikiwa tayari, iweke hapa bila majina tuipitie kabla ya mtu yeyote kutia sahihi.