Mchaichai, kamomile au maziwa ya kungumanga: kipi kinaleta usingizi kweli?

Mzee wa Goba:
Wakuu habari za jioni. Mie usingizi umenipa talaka karibu mwezi sasa, napanda kitandani saa nne, saa saba macho makavu nahesabu misumari ya dari. Vidonge sitaki. Mchaichai upo umejaa pale pembeni ya bomba, nachemsha kila usiku ila naona kama nakunywa tu. Supamaketi kuna kamomile ya vipakti, bei imechangamka, na bibi naye ananiambia maziwa ya moto na kungumanga. Mliotumia, kipi ni kipi?

Binti Chumbageni:
Mchaichai mzuri, tatizo watu mnauchemsha kama makande. Chukua majani manne, funga fundo, gonga na mchi kidogo mpaka harufu itoke, tia kwenye maji yaliyokwisha kuchemka, zima moto, funika dakika kumi. Ukiacha sufuria wazi harufu yote inaondoka na mvuke unabaki na maji ya majani.

Abu Rayyan, Muscat:
Huku kamomile wanaita babunaji, tunanunua maua makavu ya kupima sio vipakti, kijiko kimoja kwa kikombe, yanaelea kama vijijua. Mie inanituliza, au labda ni imani tu sijui. Ila anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin amuulize daktari kwanza.

Kiraka:
Mie nilijaribu tangawizi kali, nikalala na kiungulia. Sirudii.

Nesi mstaafu:
Kungumanga jamani taratibu! Unakwangua chembe tu. Jirani yetu mmoja alitia kijiko kizima eti alale haraka, usiku kucha moyo unamwenda mbio anaongea na ukuta. Na wewe wa Goba nikuulize, huo mchaichai unachanganya na majani ya chai?

Mzee wa Goba:
Natia kidogo dada, si ndo ikae rangi

Nesi mstaafu:
Ahaa. Sasa majani ya chai si yana kafeini baba, ukinywa saa tatu usiku, ikifika saa nane karibu nusu yake bado inazunguka mwilini, halafu unamlaumu mchaichai wa watu. Chai ya kijani nayo ni hivyohivyo, usije ukakimbilia huko.

Mzee wa Goba:
Mrejesho, siku ya nne leo. Majani ya chai nimeacha, mchaichai mtupu, nimefunika kama alivyosema Binti. Jana nimepitiwa saa tano kasoro, kibofu kikaniamsha saa tisa, nikarudi nikalala tena. Kamomile bado sijanunua. Mama watoto anauliza chai gani hii rangi kama maji ya kuoshea mchele.

Binti Chumbageni:
Kunywa saa moja na nusu, kikombe kimoja, sio lile bilauri lako la lita. Mama watoto mwekee majani ya chai kwenye kikombe chake.