Daftari la makosa wodini limebaki tupu: tufanye nini ili watumishi waandike?

Mkunga wa Zamu aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Mimi ni mkunga katika hospitali ya wilaya, kusini mwa Tanzania, na tangu mwaka jana nimekabidhiwa jukumu la kuratibu timu ya kuboresha huduma katika wodi ya wazazi. Naomba ushauri wa waliokwisha kupita njia hii, kwa sababu jambo tulilolianza kwa nia njema limekwama, nami sijajua kama limekwama kwa upungufu wangu au kwa namna tulivyolipanga.

Miezi michache iliyopita tulipata tukio lililotutia hofu. Mama mwenye kifafa cha mimba aliletwa usiku, ikaamriwa apewe magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege. Dawa tuliyo nayo ni ya asilimia 50, na wenzangu wa wodi za wazazi wanajua kwamba dozi ya kwanza ya mshipa, yaani gramu 4, hutolewa ikiwa imezimuliwa hadi asilimia 20: mililita 8 za dawa huchanganywa na mililita 12 za maji ya sindano, kisha huingizwa polepole kwa muda usiopungua dakika 5. Mwenzetu, ambaye usiku huo alikuwa peke yake na akina mama watatu wenye uchungu, alivuta dawa bila kuizimua, na tayari alikuwa ameinama kitandani wakati mwanafunzi wa uuguzi alipouliza kwa sauti ndogo mbona bomba halijajaa kama la jana. Swali hilo ndilo lililomwokoa yule mama.

Mama na mtoto waliruhusiwa wakiwa salama. Katika jalada lake hakuna neno lililoandikwa kuhusu jambo hilo, nami mwenyewe nililisikia siku tatu baadaye, tena kantini, si wodini.

Hapo ndipo tulipoanzisha daftari la matukio, likawekwa juu ya meza ya muuguzi mfawidhi wa wodi, na tukatangaza kwamba mtu aandike kilichotokea au kilichokaribia kutokea bila kutaja jina lake wala la mwenzake. Wiki ya kwanza yaliandikwa matukio manne. Wiki ya pili likaandikwa moja. Tangu hapo zimepita wiki 11 na hakuna mstari hata mmoja ulioongezwa, ilhali mimi naingia zamu na ninayaona makosa kwa macho yangu, yakiwemo ya kwangu. Katika kikao cha mwezi Mganga Mfawidhi alitupongeza mbele ya wote kwamba wodi ya wazazi haina makosa. Niliinamisha kichwa.

Je, kwenu watumishi huandika? Na kama huandika, mlifanya nini hadi wakaanza kuamini kwamba hawaandiki hati ya mashtaka dhidi yao wenyewe?

Mzee wa Famasi alijibu:

Binti yangu, hongera kwa kuinamisha kichwa, maana wapo waratibu ambao wangepokea pongezi hizo na kuziweka katika taarifa ya robo mwaka.

Nimefanya kazi ya famasi ya hospitali kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na swali langu la kwanza kwako ni hili: yale matukio manne ya wiki ya kwanza yalifanyiwa nini? Watu wanapoanzisha daftari la namna hii hufikiria sana habari ya majina, kana kwamba kuficha jina kunatosha, wakati mwandiko wa kila mmoja unajulikana na zamu ya kila mmoja imebandikwa ukutani. Mtumishi haandiki kwa sababu jina lake limefichwa. Anaandika kwa sababu aliandika mara ya kwanza na akaona kitu kimebadilika. Kama aliandika kwamba taa ya chumba cha dawa imeungua na baada ya mwezi taa haijabadilishwa, hataandika tena, na hapo haogopi mtu yeyote; amekata tamaa tu.

Nitakupa mfano wangu. Katika hospitali moja niliyofanya kazi, vichupa vya potasiamu kloridi iliyokolea vilikaa droo moja na maji ya sindano, vyote vya plastiki, vyote vyeupe, vikitofautiana kwa maandishi madogo tu. Potasiamu hiyo ikiingizwa mshipani bila kuzimuliwa inaweza kuusimamisha moyo. Muuguzi mmoja alikuja dirishani kwangu akaniambia kwamba mara mbili ameshika kichupa kisicho sahihi na akakirudisha. Hatukumwita mtu kikaoni wala hatukuandika waraka wa kuwataka watumishi wawe makini. Jioni ileile tuliiondoa potasiamu katika droo za wodi zote, ikabaki famasi na chumba cha wagonjwa mahututi peke yake, jambo ambalo Shirika la Afya Duniani lilikwisha kulishauri tangu mwaka 2007. Baada ya hapo sikuhitaji daftari. Wauguzi walikuwa wakija dirishani wenyewe.

Kuhusu magnesiamu, msimtegemee mwanafunzi aulize kila mara. Tengenezeni sanduku la kifafa cha mimba lililo tayari: vichupa vya dozi ya kwanza, maji ya sindano, mabomba ya mililita 20 pamoja na yale ya sindano za msuli, na juu ya kifuniko mwandike kwa herufi kubwa «8 za dawa + 12 za maji = asilimia 20, kwa dozi ya mshipa». Ndani yake iwemo pia kalsiamu glukoneti gramu 1, maana ndiyo dawa ya kurudisha hali mgonjwa akizidiwa na magnesiamu, na haifai kuitafuta kabatini wakati pumzi imeshapungua. Ndani ya kifuniko bandikeni mambo matatu ya kupima kabla ya kila dozi inayofuata: pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, goti liruke likigongwa, na mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Mtu aliye peke yake usiku na akina mama watatu hawezi kupiga hesabu vizuri. Hesabu hiyo ifanywe mchana, na mtu aliyekwisha kunywa chai.

Mtaalamu wa Usingizi alijibu:

Naungana na mzee wangu, shikamoo, ila naomba niongeze jambo kutoka chumba cha upasuaji, kwa kuwa huko tumejaribiwa na tatizo linalofanana na hili.

Wengi mnaifahamu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, yenye vipengele 19, ambayo timu huisoma kwa sauti mara tatu: kabla ya mgonjwa kupewa dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Ilijaribiwa kati ya mwaka 2007 na 2008 katika hospitali nane za miji minane duniani, na mmoja wa miji hiyo ulikuwa Ifakara hapa Tanzania, ukiwa sambamba na London, Toronto na Seattle. Katika hospitali hizo kwa jumla, vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Ni karatasi moja tu, isiyohitaji umeme.

Lakini kuna upande wa pili. Jimbo la Ontario nchini Kanada lilipoilazimisha orodha hiyo katika hospitali zake, watafiti walizichunguza 101, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 hayakuonyesha upungufu wa maana wa vifo wala wa madhara. Karatasi ilikuwa ileile. Watafiti wamebishana sana kuhusu sababu, na mimi naamini kwamba orodha inayoagizwa kutoka juu hujazwa kwa kalamu bila kusomwa kwa mdomo. Hata hapa kwetu nimeiona imejazwa yote, pamoja na sehemu ya mwisho, wakati mgonjwa angali kwenye korido. Kwa hiyo, dada mkunga, usihesabu mistari ya daftari kama ndiyo usalama wenyewe. Unaweza kuwashinikiza watu waandike matukio matano kwa wiki, wakakuandikia matano ya kubuni.

Kuhusu hofu, nakumbuka mwaka 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, mgonjwa alifunguliwa kichwa kwa upasuaji uliokusudiwa mgonjwa mwingine, kwa sababu vitambulisho vyao vilichanganywa. Kabla chanzo hakijachunguzwa kikamilifu, watumishi waliohusika walisimamishwa kazi, na madaktari wenzao wakapinga. Simtetei mtu aliyezembea. Ninachouliza ni hiki: siku ile habari ilipotangazwa, ni watumishi wangapi wa hospitali nyingine waliokuwa wamegundua vitambulisho vilivyochanganywa wodini kwao na wakaamua kuvirekebisha kimyakimya?

Mwananchi wa Kawaida alijibu:

Nawaheshimu wataalamu, lakini mazungumzo haya yanaelekea mahali ambapo kila kosa litaitwa la mfumo na hakuna atakayewajibika. Ndugu akifariki kwa uzembe, familia ina haki ya kujua na mhusika ana wajibu wa kujibu. Daftari lisilo na majina lisije likawa pazia.

Mtaalamu wa Usingizi alijibu:

Ndugu yangu, hoja yako ni ya haki na sitaki kuikwepa. Aliyekuja kazini amelewa, aliyeghushi chati, au aliyemwacha mgonjwa akiita hadi asubuhi, huyo ana sheria yake na baraza lake la taaluma, na daftari halimkingi. Familia nayo iambiwe ukweli, tena na daktari mwenyewe, akiwa ameketi. Lakini mkunga aliyesahau kuzimua dawa usiku wa manane, ukimfukuza leo, kesho kiti chake kitakaliwa na mwingine mwenye akina mama watatu na kichupa kilekile.

Binti wa Likoni alijibu:

Mimi si mtaalamu. Ni mtoto niliyemuuguza mama hospitalini hapa Mombasa kwa wiki tatu. Hospitali sitaitaja. Nimeyasoma yote na naona mmoja amesahauliwa, naye ni yule anayekaa kwenye kiti kando ya kitanda mchana kutwa.

Mama yangu ana kisukari. Jioni moja sista alimdunga insulini kabla ya chakula, akaitwa kwa mgonjwa mwingine kabla ya kutia sahihi kwenye chati. Zamu zikabadilishana. Sista wa usiku akaiona chati haina sahihi, akajua dawa haijatolewa, naye akamdunga tena. Mimi nilikuwepo mara zote mbili. Nilitaka kusema, lakini siku mbili kabla nilikuwa nimeuliza kuhusu tembe fulani nikaambiwa kama najua zaidi nimtibu mwenyewe nyumbani, basi nikaona nisije nikaonekana mjuaji. Saa nne za usiku mama alianza kutoka jasho na kunena maneno yasiyoeleweka. Alhamdulillahi, daktari wa zamu alipima sukari upesi na akamtilia glukosi.

Yule sista wa usiku alilia. Wa jioni sikumwona tena, na sikupenda iwe hivyo, maana ndiye aliyekuwa akimgeuza mama kwa upole kuliko wote. Kosa, kwa macho yangu, lilianzia siku ile nilipofungwa mdomo. Dada mkunga, mwanafunzi wako aliuliza kwa sauti ndogo. Je, mama wa mgonjwa au mume wake angethubutu kuuliza hata kwa sauti hiyo?

Mkunga wa Zamu alijibu:

Nawashukuru nyote. Dada wa Likoni, pole kwa yaliyokupata. Jibu la swali lako ni kwamba asingethubutu, kwa sababu saa za kutoa dawa ndugu wote huambiwa watoke nje, na ni mimi ninayewatoa.

Nimerudi kwenye daftari kama alivyoniuliza Mzee wa Famasi, na nimeona aibu. Matukio mawili kati ya yale manne yalihusu kitu kimoja: glavu safi kuisha usiku huku stoo ikiwa imefungwa na ufunguo ukiwa nyumbani kwa mtunza stoo. Hakuna aliyelifuatilia jambo hilo, nikiwemo mimi. La tatu lilihusu mtoto mchanga aliyekaribia kupewa mama asiye wake, na baada ya kuandikwa, muuguzi aliyekuwa zamu alipewa barua ya kujieleza. Barua hiyo ilitolewa siku ya Jumatano ya wiki ya pili. Tukio la mwisho kuandikwa ni la Jumanne yake.

Nimezungumza na muuguzi mfawidhi na ameahidi kuiondoa barua ile katika faili. Ufunguo wa pili wa stoo utakaa wodini kuanzia leo usiku. Daftari nalo tunalihamishia chumba cha kubadilishia nguo, na kila Jumatatu asubuhi, wakati wa kukabidhiana zamu, nitasoma lililoandikwa na lililofanyika. Kama halijafanyika kitu, nitasema hivyo hivyo. Kuhusu ndugu wa wagonjwa, nitaanza kwa kutaja jina la dawa na kiasi chake mbele ya mama mwenyewe kabla ya kuidunga.

Mzee, sanduku la kifafa cha mimba nimeanza kulipanga. Shaka yangu ni moja: watumishi watachomoa mabomba humo kwa kazi nyingine, na siku ya shida tutalikuta tupu. Mlizuiaje?

Mzee wa Famasi alijibu:

Fungeni kifuniko kwa plasta ya kawaida, na juu yake mtu aandike tarehe na herufi za jina lake. Plasta ikiwa nzima, sanduku limejaa na hakuna haja ya kulihesabu. Ikiwa imekatwa, zamu haikabidhiwi mpaka lijazwe na kufungwa upya. Na mabomba ya kazi nyingine yawekwe mengi karibu nalo, maana wanaochomoa hufanya hivyo kwa sababu ya mwendo mrefu wa kwenda stoo.